Hundi Kubwa, Mfuko, au Geti la Nyuma: Supamaketi Ianze na Lipi?

Rafiki yangu ana supamaketi yenye matawi sita, kuanzia Likoni hadi Malindi. Majuzi baada ya isha alinipigia simu. "Sheikh, mwaka huu nimetenga milioni tatu za CSR. Niambie nizitie wapi." CSR ni ule mchango ambao kampuni huitolea jamii. Hakutaka hotuba, alitaka jibu. Nikamwomba anipe wiki moja.

Mezani kwake kulikuwa na barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa jamaa wa matangazo: madawati ya shule ya msingi, hema, maji ya chupa, mwandishi wa habari mmoja au wawili, na ile hundi ya kadibodi yenye ukubwa wa mlango, ili sufuri zake zisomeke hata kwenye simu ndogo. Ya pili ilitoka kwa mhasibu wake, kijana msomi: tufungue mfuko wenye jina la kampuni, ulipe karo za wanafunzi kila mwaka, na kamati ichague. Njia ya tatu haikuwa na barua kwa sababu haina wakala wa kuisemea. Nayo ni kuzipeleka fedha hizo geti la nyuma, pale pikapu na malori yanaposhusha mizigo, na kwenye kaunta ambako keshia husimama kutwa.

Nimezilinganisha njia hizo tatu kwa kutazama maduka makubwa yaliyozijaribu, ya kwetu na ya ng'ambo. Ila nianze kwa kukiri kwamba mimi si mwamuzi asiye na upande. Upande wangu unanuka mafuta ya kukaangia.

Pakiti za krips

Miaka kadhaa nyuma, mimi na mke wangu tulikuwa tukikaanga krips za muhogo nyumbani, zile za pilipili na ndimu, tukizitia kwenye pakiti za gramu 100. Supamaketi moja, ambayo sitaitaja, ikatupa nafasi kwenye rafu. Tulifurahi kama watu waliopata mtoto. Masharti yalikuwa kulipwa baada ya siku 30.

Kila Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa getini, nyuma ya lori la unga na gari la mikate. Mpokeaji alihesabu pakiti, akapiga muhuri kwenye karatasi, nikaondoka na nakala ya rangi ya waridi. Nakala zile nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Baada ya miezi miwili kopo lilikuwa limejaa na mfuko wangu mtupu. Wakafungua tawi jipya, nikaambiwa kila msambazaji atoe katoni mbili za bure "kulichangamsha". Pakiti zilizotobolewa na wateja zikarudishwa kwangu, na bei yake ikakatwa kwenye ankara. Siku 30 zikawa 60, zikawa 110. Dada wa hesabu alikuwa mpole sana: "Hundi yako iko tayari kaka, bosi tu hajaweka sahihi."

Mama aliyekuwa akituuzia muhogo kutoka Kaloleni yeye hakuwa na bosi wa kumsubiri. Alitaka chake mkononi, na haki yake.

Siku moja nikiwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi, nikaokota gazeti. Ukurasa wa ndani kulikuwa na picha: bosi yuleyule, tabasamu, hundi ya kadibodi, hospitali ya watoto. Walinidai uvumilivu, nami nilikuwa nawadai Sh84,000. Niliitazama ile kadibodi nikajiuliza vipande vingapi vyake ni vya kwangu. Miezi mitatu baadaye tulilizima jiko.

Sisemi hospitali ile haikustahili. Nasema hivi: kwa Waislamu, mtu akifa hulipiwa madeni kwanza, ndipo wasia wake utekelezwe, ndipo warithi wagawane. Mpangilio huo unajulikana na kila mtoto wa madrasa. Kwa nini kampuni iliyo hai ianze na wasia?

Hesabu ambayo haichapishwi gazetini

Tuchukue supamaketi ya mfano, inayonunua bidhaa za Sh milioni 60 kwa mwezi. Ikilipa kwa siku 30, wakati wowote ule inadaiwa kama milioni 60. Ikivuta hadi siku 90, inadaiwa milioni 180. Hizo milioni 120 za ziada ni pesa za watu wa mikate, maziwa, mayai na krips, zinazozunguka ndani ya duka bila riba. Kama mwenye duka angezikopa benki, tuseme kwa asilimia 13 kwa mwaka, angelipa riba ya milioni 15.6.

Sasa ziweke kando yake zile milioni tatu za madawati. Jamii imemkopesha milioni 120 bure, yeye ameirudishia milioni tatu, na aliyepigiwa makofi ni yeye. Kwa hiyo mtu akiniletea njia za kulinganisha, swali langu la kwanza huwa: mnawalipa wasambazaji kwa siku ngapi? Jibu likiwa zaidi ya 60, mengine tunapoteza muda.

Na deni hili haliumizi upande mmoja tu. Nakumatt, iliyoanza kama duka la magodoro Nakuru na jina lake likatokana na hayo magodoro, ilikua ikawa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilipoanguka ilikuwa na madeni ya zaidi ya Sh bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa ya wasambazaji. Mwanzoni mwa 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Waliokuwa na rafu nzuri zaidi ndio waliopoteza zaidi. Uchumi, supamaketi nyingine ya Kenya, nayo ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda mwezi Oktoba 2015, na waliobaki mlangoni ni wafanyakazi na watu wenye ankara mikononi. Sikumbuki yeyote kati yao aliyekuwa akiuliza kampuni ilichangia madawati mangapi.

Hundi: kuna siku inafaa

Nisiidharau hundi hata hivyo. Kuna msaada wa papo kwa papo ambao duka kubwa linaweza kuutoa kuliko mtu mwingine yeyote, na mfano mzuri kuliko yote ninaoujua ni wa Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani.

Agosti 2005 kimbunga Katrina kilipoizamisha New Orleans na pwani ya Mississippi, Walmart ilitoa dola milioni 20 taslimu. Lakini si pesa iliyowaacha watu midomo wazi. Yalikuwa malori. Kampuni ilipeleka shehena kama 1,500 za bidhaa za bure, maji, nguo, maziwa ya watoto, na sehemu nyingine yalifika kabla ya misaada ya serikali kuu. Iliwezekana kwa sababu Walmart tayari ilikuwa na maghala karibu, madereva wanaozijua barabara, na mameneja waliozoea kukadiria watu watahitaji nini kabla ya dhoruba. Msaada ulitoka kwenye ufundi wake wa kila siku.

Kwa rafiki yangu maana yake ni nyepesi. Mto Tana au Sabaki ukifurika, asiulize studio ya kupigia picha iko wapi. Ana pikapu, ana unga, ana mameneja wanaolijua eneo. Hapo atoe, na atoe upesi. Na futari ya Ramadhani kwa majirani wa kila tawi aendelee nayo kama zamani, hiyo ni sadaka yake na haihitaji jina la Kizungu.

Ila kisa cha Walmart kina upande wa pili, na ndio unaonifanya nisiitegemee hundi. Mwezi wa Oktoba mwaka uleule wa 2005, mkuu wa kampuni, Lee Scott, alitoa hotuba kubwa: Walmart ingelenga kutumia nishati jadidifu kwa asilimia 100, isitoe taka kabisa, na iuze bidhaa zisizoharibu mazingira. Wiki hiyohiyo magazeti yakachapisha waraka wa ndani uliovuja, ulioandikwa kwa ajili ya bodi. Kampuni yenyewe ilikiri humo kwamba asilimia 46 ya watoto wa wafanyakazi wake wa Marekani ama hawakuwa na bima ya afya ama walikuwa kwenye mpango wa serikali wa kuwatibu wasiojiweza. Malori ya bure kwa waliofurikiwa, na mtoto wa keshia anatibiwa kwa kodi ya jirani. Yote mawili ni kweli, ya kampuni moja, ndani ya miezi mitatu.

Mwaka uliofuata Walmart ilianza Florida kuuza mamia ya dawa za kawaida kwa dola 4 kwa dozi ya mwezi, ikausambaza mpango huo nchi nzima. Hapo haikumpa mtu zawadi, iliuza tu. Naamini dola nne zile zilimfaa mzee mwenye presha kuliko hotuba yoyote, na hilo ni funzo la geti la nyuma ambalo Walmart ilijifunza yenyewe.

Mfuko: mzuri, kama unatazama upande sahihi

Pendekezo la mhasibu lina heshima. Mfuko hudumu, una kamati, una mahesabu, mwanafunzi aliyelipiwa kidato cha kwanza hatupwi kidato cha pili kwa sababu meneja masoko amehama. Ubaya wake ni kwamba kwa duka la matawi sita, mfuko huwa na mdomo mkubwa kuliko tumbo. Milioni tatu zikigawanywa kwa mshahara wa mratibu, ukaguzi wa hesabu, vikao na chai ya vikao, zinazofika shuleni ni karo za watoto wa kuhesabika. Na ole wake mwenyekiti wa kamati siku binamu za wakurugenzi watakapoanza kuleta fomu.

Makampuni makubwa yametafuta ujanja wa kumshirikisha mteja. Tesco ya Uingereza ilianza 1992 kutoa vocha kwa wanunuzi, shule zikawa zinazikusanya na kuzibadilisha kwa kompyuta. Afrika Kusini kuna kadi ya MySchool, ya tangu 1997: mteja huchagua shule au shirika alipendalo, na kila akinunua kwenye maduka ya Woolworths, sehemu ya fedha inakwenda huko bila yeye kuongeza senti. Naipenda zaidi ya vocha, maana anayetoa ni duka kweli na anayechagua ni mteja.

Kinyume chake ni huu mtindo wa kuulizwa kaunta, "Tukuchangie hizo shilingi tatu za chenji?" huku foleni nzima nyuma yako inasikiliza. Mwishoni mwa mwaka shilingi tatu zako zinatokea kwenye hundi ya kadibodi yenye jina la duka. Anayetoa ni wewe na picha ni yake. Bora hata zile enzi za kupewa peremende badala ya chenji, angalau ulitoka na kitu mdomoni.

Mfuko ulionivutia kuliko yote haukutokana na ukarimu. Mwaka 2011 Walmart ilipotaka kununua asilimia 51 ya Massmart ya Afrika Kusini, yule mmiliki wa maduka ya Game ambayo wakazi wa Dar es Salaam waliyaona Mlimani City na wa Nairobi wakayaona Garden City, vyama vya wafanyakazi na wizara tatu za serikali walisimama kidete. Hofu ilikuwa kwamba Walmart ingeleta bidhaa za bei poa kutoka nje na kuua viwanda vya ndani. Baraza la Ushindani liliruhusu ununuzi kwa masharti: kampuni isipunguze wafanyakazi kwa miaka miwili kwa sababu ya muungano huo, na itenge randi milioni 100 za kuwajengea uwezo wasambazaji wa ndani. Mambo yakaenda rufaa. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufaa ya Ushindani ikaamuru wafanyakazi 503 walioachishwa warudishwe, na mfuko wenyewe ukapandishwa hadi randi milioni 240.

Ule ni mfuko, una kamati na una mahesabu kama wa mhasibu wetu. Tofauti ni kwamba unamtazama mkulima na mwenye kiwanda kidogo anayetaka kuingia rafuni, yaani umegeuziwa geti la nyuma. Kama rafiki yangu atafungua mfuko siku moja, nitamwomba auelekeze huko: akopeshe mzani, mashine ya kufungia pakiti, ada ya kupata alama ya ubora. Hilo la mwisho ndilo linalowakwamisha wengi. Nalijua kwa sababu lilitukwamisha sisi.

Geti la nyuma: kwa nini hakuna anayelipenda

Kulipa kwa wakati hakuna utepe wa kukata. Huwezi kumwalika gavana aje kushuhudia ankara ikilipwa siku ya 14. Ndiyo maana hata makampuni yenye ripoti za kurasa mia hujikwaa hapa.

Ile Tesco ya vocha za kompyuta ndiyo hiyohiyo iliyokutwa na makosa Januari 2016. Uingereza ina kanuni inayozibana supamaketi kubwa, na msimamizi maalumu wa kuilinda. Msimamizi wa wakati huo, Christine Tacon, alichunguza na kukuta Tesco ilichelewesha kwa makusudi fedha za wasambazaji ili mahesabu yake yapendeze. Kuna waliosubiri zaidi ya mwaka. Hakuweza kuitoza faini, kwa sababu mamlaka ya kutoza yalikuja baada ya makosa hayo kufanyika. Tesco iliomba radhi na kusema imebadilisha utaratibu. Mkulima wa Kirinyaga anayelima mishiri, yale maharagwe machanga ya kuuzwa Ulaya, asidhani hiyo ni habari ya mbali. Duka la Uingereza likibana, anayebanwa mwishoni kabisa ni yule aliye shambani.

Kwetu Kenya sheria ya ushindani sasa inatambua kosa la mnunuzi mkubwa kutumia ubavu wake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni ya Dubai inayoendesha maduka ya Carrefour Kenya tangu 2016, faini ya Sh bilioni 1.1. Waliolalamika walikuwa wawili, Pwani Oil na kampuni ya asali ya Woodlands. Orodha ya malalamiko niliisoma kama mtu anayesoma barua yake ya zamani: fedha ambazo msambazaji hulazimika kuirudishia supamaketi kulingana na mauzo, michango ya kufungua matawi mapya, kutakiwa kuleta watu wake wa kupanga rafu. Kampuni ilipinga na kukata rufaa. Lakini tazama ukubwa wa waliolalamika. Pwani Oil ni kiwanda kikubwa chenye mawakili. Mtu wa krips angeenda kulalamika kwa nani, na Jumanne inayofuata angepokelewa mzigo na nani?

Upande wa pili wa njia hii ni kaunta. Hapa mfano wangu ni Costco, nayo ya Marekani, yenye kumlipisha mteja ada ya uanachama ndipo aingie kununua. Mwaka 2013, wakati kima cha chini cha serikali kuu kilikuwa dola 7.25 kwa saa, mkuu wake Craig Jelinek aliunga mkono hadharani kima kipandishwe. Alisema hivyo bila hofu kwa sababu mfanyakazi mpya wa Costco alikuwa akianzia dola 11.50. Walmart ilitangaza miaka miwili baadaye, 2015, kwamba inapandisha kima chake hadi dola 9, kisha 10 mwaka uliofuata.

Wapo wanaosema Costco inaweza kwa sababu wateja wake wana uwezo. Kuna ukweli. Duka lake lina bidhaa kama 4,000 tu, la kawaida lina makumi ya maelfu, kwa hiyo mfanyakazi mmoja anasogeza mali nyingi, na ada za wanachama zinabeba sehemu kubwa ya faida. Mtu wa Likoni hatalipa ada ili aingie kununua sukari. Kinachoweza kuigwa ni mpangilio wa fikra: mshahara wa keshia umo kwenye hesabu ya biashara tangu mwanzo, haungoji kinachobaki.

Kuna jambo jingine la njia hii, nalo ni ahadi yenye wa kuidai. Jengo la Rana Plaza lilipoporomoka Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji wa nguo za maduka ya nje, wauzaji waligawanyika makundi mawili. Wengi wa Ulaya, Tesco na Carrefour wakiwamo, walitia sahihi makubaliano na vyama vya wafanyakazi, yenye nguvu ya kisheria, ambayo chama kinaweza kuyapeleka kwa wasuluhishi. Walmart na Gap na wenzao wakaunda umoja wao wenyewe, ukaguzi ukafanyika pia, lakini vyama havikuwa upande wa pili wa mkataba. Ninapoona kampuni imeandika ukutani "tunawajali wasambazaji wetu", natafuta huyo wa upande wa pili. Siku za malipo ziandikwe kwenye mkataba, na riba ya kuchelewa iandikwe chini yake.

Halafu kuna yasiyo ya njia yoyote kati ya tatu, ila hupenda kujichomeka kwenye ripoti. Mifuko ya plastiki, kwa mfano. Kenya iliipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Duka linalojisifu kwamba halitoi mifuko ya plastiki linajisifu kwa kutokamatwa.

Kwa nani, lipi

Duka moja la mtaani lisijisumbue na neno CSR. Lilipe mkate siku mkate unapoletwa, litoe futari, basi.

Kampuni yenye mamia ya maduka inaweza kuyafanya yote matatu, na inapaswa. Hiyo ndiyo inayohitaji mfuko wenye bodi ya watu wa nje, kwa sababu fedha ni nyingi mno kuachiwa mtu mmoja na kamera yake. Lakini ripoti yake ianze na jedwali la siku za malipo na mishahara ya chini, picha za watoto zifuate.

Wa katikati, kama rafiki yangu, ndiye mwenye kuchagua kweli, maana milioni tatu haziwezi kukatwa mapande matatu zikabaki na maana. Kwake nimechagua geti la nyuma bila kusita, na akiba ndogo ya dharura ya mafuriko ikiwezekana.

Mteja je? Usisome ripoti. Siku moja amka mapema, mkute kijana wa mikate akishusha kreti, muulize wanalipwa lini. Ukimuona amecheka kabla ya kujibu, umeshajua.

Nilipompelekea majibu, tulikaa na kalamu kwenye baraza yake. Ana wasambazaji wadogo kama 40: mayai, maandazi, achari, mboga, sabuni za maji. Kila mmoja humletea wastani wa Sh60,000 kwa mwezi, jumla milioni 2.4, na huwalipa siku ya 45. Kuwasogeza hadi siku ya 14 kunahitaji kama milioni mbili na nusu, mara moja tu. Pesa hiyo hailiwi. Inatangulia tu kutoka. Akaipiga hesabu mara mbili kwenye simu, akaniangalia. "Kwa hiyo natoa CSR na pesa bado ni yangu?" Nikamwambia ndiyo, na mwakani hatatenga nyingine kwa hilo.

Nusu milioni iliyobaki nilimwandikia viti virefu vya makeshia. Hapo tukagombana. "Keshia akikaa atasinzia, sheikh." Nikamwambia Aldi ya Ujerumani makeshia wao hukaa na wana kasi ya kutisha. Akasema hao ni Wajerumani. Mke wake, aliyekuwa akipita na birika, akamuuliza kama yeye ofisini kwake husimama. Mwisho amekubali kujaribu kaunta mbili za tawi la Likoni kwa miezi mitatu, na anataka mimi ndiye nikanunue viti, ili vikivunjika lawama iwe yangu. Jamaa wa matangazo bado anapiga simu. Anasema kadibodi alishaichapisha, amebakisha kujaza jina la shule tu.